Armenia kwa tunaokaa Ghuba: monasteri zipi uende, ulale wapi, na bila gari inawezekana?

Mkuu wa Muscat, swali lako limekaa hapa na kila anayejibu anasema "nenda Georgia tu ndo kuna mambo", sasa ngoja nijibu mimi ambaye Armenia nimeenda na nikarudi tena. Niko Sharjah kikazi na ndege ya Yerevan, mji mkuu wao, ni kama masaa matatu tu, yaani unapanda jioni umechoka na joto unashuka unatafuta sweta. Umeuliza mambo matatu: kama nchi yenyewe ni makanisa matupu wewe na shemeji hamtachoka, Muislamu anakula nini kule, na kama mnaweza kuzunguka bila kukodi gari. Mambo ya visa siandiki, wale jamaa sheria za wenye ukaazi wa Ghuba wanazibadilisha, angalia tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje kabla hujakata tiketi.

La kwanza. Ndiyo, mtachoka, kama mtaenda wanavyoenda wengi. Wengi wanakaa Yerevan mwanzo mwisho halafu kila siku wananunua tua ya kwenda na kurudi. Mnaamshwa saa moja asubuhi, mnapakiwa kwenye kibasi, monasteri (nyumba ya watawa) ya Khor Virap nusu saa, kiwanda cha mvinyo Areni ambako nyie mtasubiri nje, Noravank nusu saa tena, halafu mnakimbizwa Tatev ambayo ni kama kilomita 250 kutoka mjini, mnapiga picha, mnarudi usiku vichwa vinagonga kioo. Ukifika hotelini huwezi hata kusema ipi ilikuwa ipi maana zote ni jiwe, zote zina kuba la kuchongoka, zote ndani giza. Halafu mtu anakuja kuandika hapa Armenia inaboa!

Ushauri wangu ni huu, chagua monasteri chache na ulale karibu nazo. Hizi nyumba zilijengwa na watu waliotaka kukaa mbali, kwenye makorongo na kwenye mabega ya milima, sasa ukifika saa sita mchana na mabasi kumi hamna ulichoona. Ukilala kijijini ukaenda saa kumi na mbili asubuhi au jioni mabasi yakishaondoka, unakuta we na bibi mmoja anafagia na mbwa amelala mlangoni. Hapo ndo unaelewa kwa nini watu walikaa humo miaka elfu.

Kwanza jua ukubwa wa nchi, ni kilomita za mraba 29,743, yaani imeizidi Burundi kidogo tu. Lakini usidanganyike na ramani, karibu yote ni milima, sehemu kubwa iko juu ya mita 1,000 na mlima wao mrefu zaidi, Aragats, ni mita 4,090. Kilomita hamsini za kule siyo hamsini za barabara ya Muscat kwenda Sohar. Ukishapanda milima ya Jabal Akhdar huko Oman unajua ninachosema, kona juu ya kona, sema kule gari ndogo za kawaida zinapita na babu anaendesha Lada ya zamani mkono mmoja uko dirishani.

Sasa nikupe ninazozipenda na sababu zake, siyo zote.

Khor Virap iko kama kilomita 40 kusini ya Yerevan, hii hata kwa kwenda na kurudi inafaa. Ndipo wanaposema dini yao ilipoanzia. Mfalme Tiridates wa Tatu alimtupa mtu anaitwa Gregory kwenye shimo kwa sababu ya ukristo wake, akakaa humo kama miaka 13, mfalme akaugua, yule mfungwa akatolewa akamuombea akapona, na mwaka 301 kwa hesabu zao nchi nzima ikafanywa ya kikristo, ndo maana wanajiita taifa la kwanza kuupokea ukristo kama dini ya dola. Shimo lenyewe lipo bado na unashuka. Ni tundu sakafuni mwa kanisa dogo, ngazi ya chuma imesimama wima kabisa, mita kama sita kwenda chini, na tundu lenyewe jembamba, mtu mwenye kitambi anashuka kwa kugeuka geuka. Chini hewa nzito, joto la pumzi za watu, ukuta umepigwa moshi wa mishumaa. Ukiwa na presha au unaogopa sehemu finyu acha, kaa juu mtazame Ararat.

Na Ararat ndo yenyewe bana. Mita zaidi ya 5,100, barafu juu, inakujaa usoni. Ila iko Uturuki. Mlima wao wa moyoni, uko kwenye nembo ya taifa, uko kwenye chupa na pakiti za biskuti, na hawawezi kwenda kwa mguu maana mpaka ulifungwa 1993, unauona uzio na minara ya walinzi kule chini shambani. Nenda asubuhi, kiangazi ikifika mchana ukungu wa joto unaufunika huoni kitu. Hapo nje kuna vijana wanauza njiwa, unalipia unamrusha uombe dua yako. Njiwa anazunguka juu ya kanisa, anapotea nyuma ya kilima, na anarudi zake kwa mwenyewe auzwe tena. Mke wangu alimrusha kwa heshima zote, mi nilikuwa namuangalia yule kijana anavyotabasamu.

Geghard nayo ni karibu, kama kilomita 40 upande wa mashariki, na njiani unapita Garni, hekalu la wapagani la karne ya kwanza lililoanguka kwa tetemeko 1679 na kusimamishwa tena miaka ya 1969 hadi 1975. Garni dakika ishirini zinatosha. Geghard kaa. Kanisa kubwa limejengwa 1215, lakini utamu uko pembeni yake kwenye vyumba vilivyochongwa ndani ya mwamba, siyo vilivyojengwa, vilivyochongwa, nguzo na kuba na nakshi vyote ni jiwe moja walilokuwa wanalitoboa kutoka juu kwenda chini. Kwenye kimoja chemchemi inatoka ukutani inapita sakafuni, watu wanajaza chupa. Chumba cha juu ukiimba sauti inakaa hewani inakataa kuondoka, kuna vikundi vya waimbaji wanakodiwa na watalii, ukibahatika kuwakuta simama kimya usirekodi na simu juu kama wengine.

Sasa Geghard jumapili utaona kitu kitakachokushangaza wewe kama Muislamu. Familia inakuja na kondoo au jogoo, kondoo kafungwa utepe, padri anabariki chumvi, mnyama analishwa ile chumvi, halafu anachinjwa nje ya ukuta. Wanaita matagh. Nyama inachemshwa na chumvi tu, haichomwi, na inagawiwa kwa majirani na masikini. Mtu kapona ugonjwa, mtoto kanusurika ajali, jeshini karudi salama, basi wanatoa. Nilisimama pale namwambia mke wangu hii si nadhiri kabisa hii, si sadaka ya kwetu Tanga hii? Mama mmoja alituletea kipande kwenye mkate, mke wangu akaweka mkono kifuani akakataa kwa adabu na yule mama hakukasirika, akaenda akaleta gata badala yake. Gata ni mkate mtamu mkubwa wa duara, wakina mama wanauza mstari mzima nje ya geti, pamoja na zile njugu wanazozitunga kwenye uzi na kuzichovya kwenye juisi nzito ya zabibu zinakauka zinakuwa kama mshumaa. Nunua hizo, ndo zawadi za kurudi nazo.

Nikishafika kwenye chakula nimalize kabisa. Nyama choma yao, khorovats, mara nyingi ni nguruwe, na dolma (majani ya mzabibu yaliyofungiwa nyama) nyingi za hotelini wanachanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Jifunze neno "khoz", ni nguruwe, uliza kila mahali bila aibu, hawaoni vibaya. Yerevan kuna sehemu za Wairani zenye halali, na kuna msikiti wa buluu wa karne ya 18 katikati ya mji, bustani nzuri kweli, Wairani ndo waliukarabati na ndo wanauendesha, ijumaa tuliswali hapo, hakuna aliyetuuliza mikono tunafunga au tunaachia. Nje ya mji kula samaki, kule ziwa Sevan wana aina ya trauti wanaita ishkhan, na mkate wa lavash unaobandikwa kwenye tanuru la shimoni, uliojazwa jibini na majani mabichi. Kuna mkate mwingine unajazwa majani ya kila aina halafu unachomwa, zhingyalov hats, hauna nyama kabisa, sisi tuliishi kwa huo. Shemeji akivaa hijabu hana shida, Wairani wanajaa kule hasa kipindi cha Nouruzi, mwaka mpya wao, mwezi wa tatu, wamezoea. Kutuangalia watatuangalia sisi weusi, vijijini hasa, na bibi vizee wataomba picha, ila ni kwa upole, mimi sikukutana na ubaya.

Turudi barabarani. Kusini ndo roho ya safari na ndo pa kulala. Noravank iko kama kilomita 120 kutoka Yerevan, unaingia korongo jembamba ukuta mwekundu pande zote halafu ghafla linafunguka na monasteri iko juu kwenye kibaraza cha mwamba, nayo rangi ni ileile, jioni jua likipiga huwezi kusema mwamba umeishia wapi na kanisa limeanzia wapi. Kanisa lake la ghorofa mbili lilimalizika 1339, kazi ya fundi anaitwa Momik. Chini kaburi, juu kanisa, na ngazi ya kwenda juu ni vipande vya mawe vilivyochomoza ukutani nje, kushoto na kulia ya mlango, upana wa kama mguu mmoja, hamna pa kushika. Kupanda siyo kazi. Kushuka ndo utaona wanaume wazima wanakuja kinyumenyume wamekumbatia ukuta huku watoto wao wanacheka chini. Mke wangu alivua viatu akapanda akashuka kama hana habari, mimi sisemi nilishukaje.

Kijiji cha Areni kiko hapohapo mdomoni mwa korongo. Mvinyo waachie wenyewe, ila pango la Areni ingieni, humo ndimo walimokuta kiatu cha ngozi cha miaka kama 5,500 na mahali pa kukamulia zabibu pa miaka 6,000 na zaidi, mitungi bado imefukiwa kwenye udongo unaiona. Lala Areni au Yeghegnadzor jirani yake, gesti za kifamilia zipo nyingi, asubuhi unapewa chai, asali, jibini la chumvi na jamu ya matunda mazima mazima.

Kutoka hapo unaendelea hadi mji wa Goris, na njia ni hiyohiyo ya malori ya Iran, malori mengi kweli, kwenye milima yanapanda polepole na madereva wa kule uvumilivu wa kukaa nyuma hawana, kwa hiyo kama mnaendesha wenyewe msisafiri usiku. Tatev inafikiwa kutokea Halidzor kwa gari la nyaya linalovuka korongo la Vorotan, kilomita 5.7, lilifunguliwa 2010 na lina rekodi ya dunia ya Guinness, dakika kama kumi na mbili uko hewani. Ukiwa juu unaona chini kabisa barabara ya zamani imejikunja kunja inashuka hadi mtoni na kupanda tena, na ndo unashukuru. Upepo ukizidi halifanyi kazi na tiketi kiangazi zinaisha, kata mapema kwa mtandao. Monasteri yenyewe ni ya karne ya 9, karne ya 14 ilikuwa chuo kikuu, na imekaa ukingoni mwa genge ambapo kwa kweli hakuna adui angefika bila kuhema. Tetemeko la 1931 liliibomoa vibaya, unachoona sasa kimerudishiwa sehemu kubwa. Ndani uani kuna nguzo ya mawe yenye msalaba juu, ya mwaka 904, iliyotengenezwa iwe inayumba bila kuanguka, wanasema ilikuwa inawaonya watawa ardhi ikitikisika au jeshi likikaribia. Wengi wanapita bila kuiangalia wanakimbilia picha ya genge.

Goris lala, na kama miguu ipo nendeni Khndzoresk, kijiji cha mapango ambacho watu walikaa mpaka miaka ya hamsini, unavuka kwa daraja la kuning'inia.

Kaskazini ni dunia nyingine, misitu, mvua, kijani. Monasteri za Haghpat na Sanahin ziko juu ya korongo la mto Debed, katikati yao kuna bonde la kijito kinachoingia mtoni humo, zote za karne ya 10, zote ziko kwenye orodha ya UNESCO, na kama mko fiti mnaweza kutembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine. Sanahin sakafu nzima ya ukumbi ni makaburi, mabamba ya mawe yamepangwa mlango hadi mlango. Mimi kwa malezi yetu nikawa nakwepa, naruka ruka pembeni kama nacheza rede, mzee mlinzi akaniita akanionyesha kwa ishara kanyaga, kanyaga tu. Kijana aliyekuwa anajua kiingereza akatutafsiria kwamba wakubwa wenyewe waliomba wazikwe njiani wakanyagwe, ndo unyenyekevu wao. Haya. Nikakanyaga lakini viatu nilivua. Kijijini hapo pia ndo kwao akina Mikoyan, Artem yule wa ndege za kivita za MiG, kuna kimakumbusho na ndege imeegeshwa nje, kama shemeji anachoka na makanisa huo ndo mchanganyiko.

Kitu kingine cha kaskazini ni Goshavank karibu na Dilijan, kuna jiwe la msalaba lililochongwa 1291 na fundi Poghos, wenyewe mawe haya wanaita khachkar, yako maelfu nchi nzima na hakuna mawili yanayofanana. Hilo la Poghos limechongwa tabaka juu ya tabaka, ukichungulia kwa pembeni unaona nakshi nyuma ya nakshi, sisi watu wa milango ya Zanzibar tunajua kazi tukiiona, na kule wanachonga jiwe siyo mbao.

Sevan mimi naipitia tu. Ziwa zuri, mita 1,900 juu, maji baridi hata mwezi wa saba, monasteri ya mwaka 874 iko kwenye rasi iliyokuwa kisiwa mpaka Wasovieti walipoyapunguza maji ya ziwa, lakini pamejaa muziki na mabanda. Kula samaki endelea.

Adabu za ndani: kaptula usivae, mishumaa unachukua unaweka hela kwenye kisanduku halafu unaichomeka kwenye sinia la mchanga. Utaona watu wakitoka wanarudi kinyumenyume, hawaipi mgongo madhabahu, huhitaji kuwaiga ila usisimame mlangoni kuwaziba. Na kanisa lao ni ndugu wa damu na lile la Ethiopia, wote walikataa maamuzi ya mkutano mkuu wa maaskofu wa Kalkedonia wa 451, ndo maana padri wao ukimwambia unatoka Afrika swali la kwanza ni Ethiopia. Wana sababu nyingine pia, mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye akawa mfalme Haile Selassie, alichukua yatima 40 wa kiarmenia kule Jerusalem akawapeleka Addis wakawa bendi ya kifalme, mauaji ya Waarmenia ya 1915 chini ya dola ya Waturuki ndo yaliwaacha bila wazazi. Msipite Yerevan bila kwenda kwenye makumbusho ya mauaji hayo pale Tsitsernakaberd, ila msiende siku moja na mambo ya furaha.

Usafiri sasa. Bila gari inawezekana, kwa masharti. Kuna vibasi wanaita marshrutka, ni daladala kabisa, kinaondoka kikijaa, vingi asubuhi tu, na vituo ni tofauti kulingana na unakoelekea kwa hiyo uliza ulipofikia. Shida ni kwamba vinakushusha barabara kuu, na monasteri iko kilomita kadhaa ndani ya korongo. Ndani ya Yerevan tumia Yandex, programu ya kuita teksi, nauli ndogo. Safari ndefu kuna programu nyingine ya kuita gari, GG, au mkodi dereva wa siku nzima mgawane na wageni wengine wa gesti, hiyo ndo nafuu ninayoiamini. Dereva wetu gari lilikuwa la gesi, kule magari mengi yanatumia gesi, na ukifika kujaza abiria wote mnashushwa mnakwenda kusimama pembeni mpaka amalize, ikiwa baridi mnatetemeka, waliopanda za gesi Dar wameshaelewa. Mkikodi wenyewe, wewe wa Muscat kuendesha kulia umeshazoea, chukua leseni ya kimataifa, na kamera za mwendo ni nyingi. Vijijini kirusi kinasaidia kuliko kiingereza, pakua tafsiri kwenye simu kabla ya kuingia makorongoni maana mtandao unakatika.

Muda mzuri ni mwezi wa tano na wa sita au wa tisa na wa kumi. Mwezi wa saba na wa nane Yerevan inachemka, utajiuliza umeondoka Muscat kufanya nini. Baridi kali njia za juu zinafungwa na theluji.

Kwa likizo ya wiki moja mimi ningegawa hivi: Yerevan kidogo na Geghard na Khor Virap, Areni usiku mmoja, Goris mbili, halafu Dilijan au juu Alaverdi, karibu na Haghpat na Sanahin, mbili. Na kama visa zenu zinaruhusu na Georgia mnaitaka bado, msirudi Yerevan, kutoka Alaverdi mpaka wa Sadakhlo ni karibu, mnavuka mnaingia Tbilisi mchana na mnarukia Muscat kutokea huko.